Jinsi Sabuni Alivyoinuka

Mtaani Kashaulili, huko Katavi, nyuma ya soko, kuna duka la steshenari. Ukiingia kutoa kopi ya cheti chako cha kuzaliwa utamkuta binti ameinamia kioo cha dirisha kilicholazwa juu ya matofali mawili, na taa ikiwaka chini yake. Hainui kichwa. Ukimwita mara ya pili atakujibu, "Nisubiri kidogo, mama, ng'ombe yuko katikati ya mto." Usipomjua utatazama huku na huku, utafute huo mto ulipo.

Huyo ndiye Tereza Malale, binti wa mfugaji wa Kasokola, umri miaka ishirini na moja. Kazini ni msaidizi wa duka. Moyoni ni mtengeneza katuni, na hilo hakumficha mtu. Kila Jumatatu hubandika mlangoni ukurasa mmoja wa vibonzo vyake, na kila Jumatatu watu huziba njia wakisoma, wakicheka, wakitafutana nani kachorwa. Wauza nyanya wamekwisha kumlalamikia kwamba anawazibia wateja. Yeye hujibu kwamba basi nao wachekeshe.

Lakini vibonzo vya mlangoni vilikuwa kionjo tu. Kazi yenyewe ilikuwa pale kwenye kioo. Mashine ya fotokopi ya Erasmus, mwenye duka, ni kongwe na ina roho mbaya. Kila siku hutafuna karatasi. Upande mmoja mtihani wa hisabati uliotoka na mistari myeusi, upande wa pili mweupe kabisa. Kwenye huo mweupe Tereza huchora. Anaweka mchoro juu ya kioo, karatasi nyingine juu yake, mwanga wa taa unamwonyesha mistari ya chini, naye anaichora upya ikiwa imesogea kiasi cha unene wa punje ya mchele. Michoro kumi na miwili kwa sekunde moja. Halafu anaipiga picha mmoja mmoja kwa simu, anaiingiza kwenye kompyuta ya Erasmus, na kitu kilichokuwa wino kinatembea. Alikuwa amefikisha michoro elfu mbili na zaidi, yote ya filamu moja ya dakika nne, na hakuna aliyemfundisha ila mtandao na ukaidi wake mwenyewe.

Filamu ilimhusu Sabuni. Sabuni alikuwa ng'ombe jike mweupe wa baba yake, mweupe hasa, ndiyo maana ya jina. Kabla Tereza hajazaliwa, Mzee Malale aliswaga ng'ombe kwa miguu kutoka Meatu hadi Katavi, na Sabuni ndiye aliyeongoza kundi. Walipovuka mto Ugalla, Sabuni akazama kwenye tope la ukingoni, akalala, akagoma. Mzee akavuta kamba mpaka viganja vikachubuka, akampigia mluzi, akambembeleza, mwisho Sabuni akainuka. Hadithi hiyo ilikuwa imesimuliwa kwenye ugali wa nyumba ile mara nyingi kiasi kwamba hata mbwa angeweza kuimalizia.

Na kulikuwa na fomu. Fomu ya chuo cha uuguzi, iliyokunjwa mara nne, ilikaa ndani ya mfuko wa koti la Mzee Malale tangu Tereza alipomaliza kidato cha sita. Siku ile baba yake alisema, "Nakupa mwaka mmoja. Nikiona kazi, nitasema ni kazi. Nikiona mchezo, unajaza fomu." Si kwamba uuguzi ni kitu kibaya. Dada yake Suzana ni muuguzi na anaupenda. Ila Tereza akiona damu huanguka, na akiona karatasi nyeupe husimama wima.

Mwaka ulikuwa unaisha. Jumamosi filamu ingeonyeshwa kwenye ukumbi wa parokia kule Makanyagio, kwa projekta ya kwaya. Jumatatu ilikuwa mwisho wa kurudisha fomu. Mzee alikuwa ameahidi kuja mwenyewe aone.

Jumatano akaingia dukani bila taarifa, akitoka kununua dawa ya kuogeshea mifugo.

"Shikamoo mzee," Erasmus akaruka kutoka kwenye kiti chake. Erasmus ni mtu mwema, ila mdomo wake hauna breki. "Umekuja wakati mzuri! Njoo uone binti yako alivyo hatari."

"Kaka Erasmus, bado," Tereza akasema.

"Bado nini? Kitu kimeiva!" Na kabla hajazuiwa akawa amegeuza kompyuta na kubonyeza pale penye utamu wenyewe, Sabuni kwenye tope.

Mzee Malale aliinama kidogo, mikono nyuma. Kwenye kioo cha kompyuta ng'ombe mweupe alilala, akatikisa masikio, akanyoosha miguu ya mbele, akajisukuma, akainuka. Sekunde nne. Tereza aliipenda sehemu ile kuliko zote. Ilimchukua wiki mbili.

"Rudisha," mzee akasema.

Erasmus akarudisha. Mzee akatazama tena, mpaka mwisho.

"Huyu ni nani?"

"Ni Sabuni, baba."

"Sabuni alikuwa ng'ombe. Huyu umemchora punda, ukamvika pembe." Akachukua dawa yake mezani. "Ng'ombe haanzi na miguu ya mbele. Mtoto wangu mimi hajui ng'ombe anavyoamka?"

Akaaga kwa adabu, akatoka.

Aibu iliyomshika Tereza haikuwa ndogo. Alijua fika alipoitoa ile hatua. Mtandaoni alikuta somo la mzungu mmoja akionyesha farasi anavyonyanyuka, akaliiga hatua kwa hatua, akiamini mnyama ni mnyama. Binti wa Malale! Aliyenyweshwa maziwa ya ng'ombe wale wale! Lakini kwao mabinti hawachungi; yeye alikaa bweni, likizo alikaa jikoni na mama, na ng'ombe aliwajua wakiwa wamekwisha simama, wanaondoka au wanarudi.

"Hakuna atakayeona," Erasmus akamfariji, huku akijua yeye ndiye aliyelikoroga. "Watu wanakuja kucheka na kunywa soda. Nani atahesabu miguu?"

"Nusu ya ukumbi ni wafugaji, kaka."

"Basi wasamehe. Siku tatu zimebaki, Tereza."

Tereza akazichukua karatasi zote arobaini na nane za sekunde zile nne, akazipanga vizuri, akazirudisha kwenye boksi la karatasi chafu. Erasmus akafumba macho. Jambo moja lazima lisemwe kuhusu binti huyu: kulia alilia, lakini alilia huku anachonga penseli.

Alhamisi alfajiri bodaboda ilimshusha Kasokola kabla jua halijachomoza. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja zizini, akakaa juu ya gogo la lango, akaweka rundo la karatasi mapajani. Ng'ombe kama thelathini walikuwa bado wamelala, wanacheua, wanapumua mvuke. Wa kwanza akaamka ghafla. Kabla Tereza hajachora mgongo, amekwisha simama. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu akaamka nyuma yake, hakumwona kabisa. Kwa hesabu hiyo kundi zima lingesimama naye hana hata mguu mmoja.

Mzee Malale akatoka na fimbo yake. Alimwona binti yake, akaziona karatasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akasimama kidogo. Kisha akaingia katikati ya ng'ombe, taratibu asiwashtue, akaenda mpaka kwa jike mmoja mzee mwenye mabaka.

"Huyu magoti yanamuuma," akasema. "Anaamka polepole. Umejiandaa?"

"Ndiyo, baba."

Akampigia mluzi mrefu, akamgusa kiuno kwa fimbo. Jike akapiga magoti ya mbele. Akatupa kichwa mbele kwa nguvu, kana kwamba anaangukia kitu, na kwa uzito wa kichwa kile makalio yakapanda juu. Akabaki hivyo, nyuma amesimama, mbele amepiga magoti, akapumzika. Ndipo akanyoosha mguu mmoja wa mbele, halafu wa pili.

"Umeona?"

"Nimeona kichwa. Sijaona mguu wa nyuma."

"Kuna mwingine."

Hivyo ndivyo walivyofanya. Mzee yule, ambaye kwa kawaida hufungua zizi na kuwatoa wote kwa kelele moja, siku hiyo aliwaamsha ng'ombe wake mmoja mmoja, kama mwalimu anayewaita wanafunzi ubaoni. Huyu mtazame kwato. Huyu mtazame shingo. Mama yake Tereza, mama Monika, alitoka na chai, akasimama mlangoni, akarudi nayo ndani iendelee kukaa moto. Penseli ya Tereza haikusimama. Walipobaki ng'ombe watatu, mzee akaja kuegemea lango karibu naye, akatazama michoro iliyokuwa imeenea kwenye nyasi, upande wa pili mitihani ya hisabati.

"Kwenye tope ni vigumu zaidi," akasema. "Kichwa kinatupwa mara mbili, tatu. Miguu ya nyuma haipati pa kukanyaga."

"Ndipo ulipovuta kamba."

 Mzee akachora mstari ardhini kwa fimbo, akaufuta kwa kiatu.

"Kamba nilivuta mwanzoni. Kamba ikakatika. Nikampigia mluzi mpaka midomo ikakauka. Halafu nikamwacha, Tereza. Kundi lilikuwa linaondoka, na mimi nilikuwa peke yangu. Niligeuka nikaenda zangu. Sikutazama nyuma, maana ningetazama ningekaa pale nife naye. Nilisikia tu pumzi nyuma yangu, nikageuka, nikamwona anakuja, tope mpaka machoni." Akakung'uta kiatu kwenye lango. "Hakuna aliyemwinua. Hilo sijamwambia hata mama yako."

Tereza alitaka kumshika mkono, lakini hilo kwao halifanywi kirahisi. Akauliza tu, kwa sauti ndogo, "Nichore kama ulivyozoea kusimulia, au nichore hivyo?"

"Unaniuliza mimi?" Baba yake akainua fimbo, akaelekea kwa ng'ombe waliobaki. "Mchoraji ni nani hapa?"

Neno lile Tereza alirudi nalo mjini, na sidhani kama bodaboda iligusa ardhi.

Ijumaa nzima na Jumamosi asubuhi Erasmus alihudumia wateja mwenyewe, akawafukuza waliotaka kuchungulia, na kila dakika kumi alileta kikombe cha chai kama mtu anayelipa faini. Tereza alichora. Sekunde nne zikawa kumi na moja. Saa saba mchana alipiga picha ya mwisho, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

Ukumbi ulijaa. Wapimbwe, wakulima waliokuja mjini na mchele wao, wafugaji na makoti yao, watoto wa kipaimara mbele chini sakafuni. Tereza alisimama ubavuni mwa projekta. Hakutazama ukutani, ile filamu aliijua. Alimtazama baba yake, safu ya nne, kofia magotini, mama Monika kando yake.

Watu walicheka pale Sabuni alipokula kofia ya kijana mwenye kundi. Walinyamaza mto ulipoonekana. Sabuni akazama. Kijana akavuta kamba, kamba ikakatika. Akapiga mluzi. Akapiga tena. Kisha ukutani, mbele ya watu mia mbili wanaomfahamu, kijana yule Malale akageuka, akaondoka, mgongo wake ukizidi kuwa mdogo.

 Mama Monika akageuza uso, akamtazama mumewe.  Nimemvua nguo baba yangu mbele ya parokia nzima, Tereza akawaza.

Ukutani Sabuni akapiga magoti. Akatupa kichwa, tope likamrudisha. Akatupa tena, likamrudisha.

Hapo Mzee Malale akasimama. Akaweka vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi, ule wenyewe wa zizini, mrefu, unaopanda mwishoni. Watoto wakageuka. Kutoka nyuma mfugaji mwingine akaitikia. Wa tatu akadakia. Mara ukumbi mzima wa wanaume wazima wenye fimbo na makoti ulikuwa unapiga mluzi kumwamsha ng'ombe wa karatasi. Sabuni akatupa kichwa mara ya tatu, makalio yakapanda, akabaki kwa magoti, akapumua.

"Enhe!" mtu akapaza sauti nyuma. "Huyo ni ng'ombe!"

Mguu mmoja. Wa pili. Sabuni akasimama wima, na kelele zilizopigwa zilitikisa mabati. Mama Monika alikuwa amemshika mumewe mkono mbele ya watu, na mumewe hakuutoa. Tereza alilia, na safari hii hakuwa na penseli ya kuchonga.

Walipotoka nje kila mtu alitaka kumwona. Wazee wa Kisukuma walimshika mkono kwa mikono miwili, wakamwuliza alichunga wapi. Erasmus alikuwa akimweleza kila anayepita kwamba karatasi zote ni za duka lake. Mcheza kwao hutunzwa, na Tereza alitunzwa jioni ile mpaka akachoka kutabasamu.

Baba yake alisubiri watu wapungue. Akaja, akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa ile fomu. Akaikunjua polepole, mikunjo yote minne, akainyoosha kwenye kifua chake kwa kiganja. Tereza akaona majina yake, na mistari mitupu chini yake.

Mzee akaigeuza fomu upande wa pili. Ulikuwa mweupe.

"Hapa naona pako wazi," akasema, akampa. "Itakutosha kwa ng'ombe mmoja?"