Jina Ndani ya Friza

Umeme ulikatika alfajiri, na Noelene alijua kabla hajafumbua macho. Friza lake kuukuu lilizoea kunguruma usiku kucha, na sasa lilikuwa kimya. Alitoka kitandani kwa kasi ambayo magoti yake hayakuwa yameizoea, akakimbilia jikoni peku.

Hakujali nyama. Hakujali njegere wala mikate. Alichokitaka ni kopo la aiskrimu lililofungwa uzi mweusi, kule chini kabisa, nyuma ya soseji. Alilitoa, akalitikisa karibu na sikio. Bado lilikuwa gumu. Akalirudisha upesi, akalifunga friza na kuliegemea kwa mgongo.

Ndani ya kopo lile kulikuwa na jina la mkwewe, Brodie.

Noelene alikuwa mchawi, na halikuwa jambo la kunong'ona. Vilimani kule nyuma ya mji mdogo wa Mullumbimby nusu ya wanawake wa rika lake ni wachawi, na wengine wamebandika stika kwenye magari yao. Hawawangi makaburini. Hawamlishi mtu kitu. Naam, hilo la kulisha tutalifikia. Wanapanda mrehani mwezi ukianza kunenepa, wanavuna pakanga ukikonda, wanafukiza chumba mtu akihama, wanamwaga chumvi kizingitini mgeni mwenye kisirani akiondoka. Jumapili Noelene huuza vifurushi vya rozmari na lavenda gulioni, na watu humpenda, kwa kuwa ni mcheshi na hapunji.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Tegan. Siku Tegan alipomleta Brodie nyumbani, mpaka rangi mwenye pikapu chakavu na mbwa wawili, Noelene alimkataa papo hapo. Ukimwuliza kwa nini, atakwambia "hewa yake". Basi mwezi ulipokonda akachemsha pakanga, akaichanganya kwenye chai ya binti yake bila kumwambia, ili aote ndoto za kweli na amwone mwanamume yule alivyo. Tegan hakuota lolote. Alitapika kutwa nzima, akaenda jikoni kutafuta maji, akayakuta majani kwenye kichujio. Kisha akapanda kwenye pikapu ya Brodie na hakurudi tena.

Noelene alilia mpaka macho yakavimba. Halafu, badala ya kumfuata mtoto, akatafuta wa kumlaumu, na hakwenda mbali. Usiku mwezi ulipokuwa giza aliandika jina la Brodie, akalizungushia uzi mweusi, akalitia kwenye kopo pamoja na siki, shabu na pilipili, akajaza maji ya mvua na kuligandisha, ili ulimi wa mwanamume yule ukome kumjaza Tegan maneno. Na baada ya miezi kadhaa picha ikaingia kwenye simu yake: kichanga cha kike, kipara, kimekunja ngumi. Chini yake Tegan aliandika, "Anaitwa Marnie." Basi tu. Kwa Noelene ilitosha. Barafu inafanya kazi! Ikizidi kukaa, siku moja ataletewa mtoto ampakate. Hakuwa na ombi jingine duniani.

Ila barafu ya namna ile ina sharti lake. Haifai iyeyuke yenyewe. Ikiyeyuka, kilichofungwa kinafunguka na kumrudia aliyekifunga, tena kwa hasira. Na nje, baada ya dhoruba ya usiku, jua lilikuwa limeanza kuchoma.

Alilifunga kopo kwa mataulo na magazeti, akalitia kwenye boksi la baridi la kwendea pikiniki, akawasha gari. Kituo cha mafuta hakikuwa na barafu hata punje. Watu walikuwa wamejaa pale na makreti ya bia mikononi, wakilaani kampuni ya umeme, na kijana wa kaunta alimwambia hata ile waliyokuwa wamehifadhia samaki imekwisha. Noelene alirudi garini. Alipofunua boksi na kuligusa kopo, vidole vilirudi na maji.

Kwa Roslyn kulikuwa na sola. Roslyn ndiye aliyekuwa mkubwa wa kikundi chao; kwake ndiko walikokutana kila mbalamwezi, wakaimba, wakala keki. Alimkuta akifagia majani barazani.

"Rozi, mwenzangu, nihifadhie hiki. Mpaka umeme urudi tu."

"Kitu gani? Mbona umekikumbatia kama kifaranga?"

"Aiskrimu."

"Yenye uzi mweusi?" Roslyn aliuegemeza ufagio ukutani. "Shoga, mimi nimezaliwa jana? Nani yumo humo?"

Roslyn alisubiri. Alikuwa hodari wa kusubiri.

"Brodie," Noelene alisema mwishowe.

"Ulimwomba ruhusa?"

"We Rozi nawe! Nani anaomba ruhusa kwa mtu anayemgandisha?"

"Ndiyo maana hatugandishi watu. Miaka yote hii unakuja hapa unakula keki yangu, hukusikia hata hilo moja? Mtu haguswi kabla hajaulizwa. Hata kama ni kwa heri yake, anaulizwa." Roslyn alitikisa kichwa. "Kwangu halilali. Limwage mwenyewe chini ya mti, uombe radhi, yaishe."

"Likiyeyuka nampoteza mwanangu!"

"Utampoteza vipi? Kwani unaye?"

Neno hilo lilimchoma Noelene, na Roslyn aliona. Sauti yake ikashuka.

"Nenda kwake. Kule kwao Brunswick umeme haukukatika. Nimezungumza naye asubuhi hii."

"Umezungumza na nani?"

"Na Tegan. Kila wiki tunazungumza."

"Kila wiki! Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Noelene. Hata siku moja hukuniuliza, 'Rozi, Tegan hajambo?' Ulikuja na habari za mwezi tu."

Noelene hakumuaga. Aliendesha gari kuteremka kilima huku matawi yaliyoanguka yakikwaruza milango, jasho likimchuruzika mgongoni, na kila alipokata kona alisikia kitu kikichezacheza ndani ya boksi. Sasa hebu mfikirie mwanamke huyu, mwenye akili zake, anayeweza kukutajia mimea mia kwa harufu. Anapeleka jina la mtu likahifadhiwe kwenye friza la mtu huyohuyo. Alijua ni wazimu. Lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni, na kule chini kulikuwa na umeme, na kulikuwa na Marnie.

Brodie ndiye aliyefungua mlango, kifua wazi, rangi ya kijani imemkaukia ndevuni. Mbwa walibweka, akawanyamazisha. Noelene alijiandaa kufukuzwa.

"Mama mkwe! Huko kwenu hakufai, eh? Nimesikia mmekatiwa wote. Ingia, ingia, utaungua na jua."

"Nimekuja... nina kitu kinayeyuka."

"Si useme! Lete." Kabla Noelene hajakaza mikono, Brodie alikwisha chukua boksi, akalifunua, akatoa kopo. Maji yalimdondokea miguuni. "Aisee, limeshalegea hili. Ngoja nilipatie nafasi."

Akaenda nalo jikoni. Noelene alimfuata, akamwona mwanamume yule akiinama mbele ya friza, akitoa mifuko ya samaki kwa mkono mmoja na kulishika jina lake mwenyewe kwa mkono wa pili, kwa uangalifu, lisimwagike. Wala hakuuliza ni nini. Aibu ilimpanda Noelene mpaka masikioni. Alitamani alipokonye lile kopo, na hakuweza kunyanyua mkono.

"Brodie, weka chini hilo."

Tegan alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, mtoto kiunoni. Alikuwa amenenepa kidogo na amekata nywele. Marnie alimkodolea bibi yake macho makubwa, kidole mdomoni. Kilikuwa kitoto kizima, chenye meno, chenye nywele. Kile kichanga cha kwenye picha hakikuwapo tena.

"Jina la nani, Mama?" Tegan aliuliza, macho yake kwenye ule uzi mweusi.

Angeweza kudanganya. Alifungua kinywa akiwa na uongo tayari. Lakini Brodie alikuwa anamtazama, amesimama na kopo lake kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani.

"Lake," Noelene alisema. "La Brodie. Nisamehe, mkwe wangu. Niligandisha ulimi wako."

Brodie alilitazama kopo. Akamtazama mkewe. "Ulimi wangu? Mbona mke wangu kila siku analalamika siuzuii?" Alicheka peke yake, akaliweka kopo kwenye sinki taratibu.

Tegan hakucheka. Alienda kwenye friza, akaingiza mkono hadi nyuma kabisa, akatoa chupa ndogo ya jamu iliyojaa barafu. Uzi mweusi. Kijiti cha rozmari. Mafundo yalikuwa yaleyale Noelene aliyomfundisha mezani, Tegan akiwa bado mtoto mwenye makovu magotini.

"Na jina hili ni lako, Mama."

Noelene akashika kiti. Halafu, Mungu amsamehe, alichohisi kwanza kilikuwa furaha. Kumbe ni hii! Kumbe siyo Brodie, wala siyo chai, ni chupa hii iliyomfungia njia muda wote huu, na kitu kilichofungwa hufunguliwa.

"Liyeyushe, Tegan. Nakusihi. Umenifungia mlango wako na mimi nilikuwa sijui! Liyeyushe, nitakuja kila siku, nitafua, nitapika..."

"Sikukufungia mlango." Tegan aliirudisha chupa ndani, akafunga friza. "Niligandisha mkono wako tu, usije ukatia tena kitu kwenye kikombe cha mtu. Mlango ulikuwa wazi. Nilikutumia hata picha. Nikakaa nikakungoja uje, uniambie, 'Mwanangu, nilikosa.' Kumbe ulikuwa nyumbani unapiga mafundo."

"Ilikuwa pakanga kidogo tu. Ndoto tu nilitaka..."

"Nilikuwa na mimba, Mama."

Noelene hakuelewa. Kisha akaelewa. Macho yake yakamwendea Marnie.

"Ya huyu," Tegan alisema. "Nilikuwa nimejua siku chache nyuma. Nilikuja kwako kukwambia. Nilikuwa nangoja chai iishe nikwambie. Usiku ule nikatokwa na damu, hospitali nzima ikinikimbilia. Ungeniuliza neno moja tu kabla ya kutia, 'Tegan, una nini mwilini?', ningekujibu."

Hakuna muuza majani asiyejua kuwa pakanga na mimba havikai pamoja. Noelene mwenyewe alikuwa akiwaonya wasichana gulioni, kila Jumapili, kwa sauti kubwa. Alifunika mdomo kwa mkono na sauti ikamtoka pembeni mwa vidole, sauti mbaya, mpaka mbwa mmoja akaja kumnusa. Alilia kwa ajili ya damu ile ambayo hakuijua, na kwa ajili ya kopo lile la kipumbavu, na kwa mwaka mzima na zaidi aliouangalia mwezi badala ya kuendesha gari nusu saa.

Brodie alisogeza kiti, akamkalisha. Tegan alibaki aliposimama. Alikuwa na machozi naye, ila hakuyafuta wala hakusogea.

Marnie alichoka kunyonya kidole. Akainama kutoka kiunoni kwa mama yake, akamnyooshea bibi huyu mgeni mkono uliolowa mate. Moyo wa Noelene uliruka. Mikono yake ilikwisha anza kwenda yenyewe, kama ilivyozoea, kisha akaizuia katikati.

"Tegan," alisema, na sauti ikamkatika. Akaanza upya. "Tegan, naomba nimbebe."

Tegan akamrudisha mtoto kifuani, kwa upole.

"Hapana, Mama."

Maisha yake yote Noelene hakuwahi kuambiwa hapana akakosa jani la kuipindua, au usiku wa mwezi, au uzi. Alikaa pale na mikono imefunguka mbele yake, akitafuta, na hakukuwa na kitu. Kwenye sinki kopo lilikuwa likidondosha maji.

"Haya, mwanangu," alisema. Akainuka, akaacha boksi lake palepale sakafuni, akatoka.