Kucha za Mwalimu Kuwabara

Sisi wapiga koto, kile kinanda kirefu cha Kijapani, ni watu wa kulamba. Nyuzi ni kumi na tatu na kucha za kupigia ni tatu, za pembe, kila moja na pete yake ya ngozi. Unalamba pete kwa ndani ili ishike kidole, ndipo unaivaa. Nimelamba hivyo miaka kumi na tisa bila kufikiri, na siku ile pia sikufikiri. Nilichukua kijisanduku mezani, nikalamba zote tatu, nikavaa. Ya gumba ikapwaya. Nikaivua, nikachungulia ndani ya pete. Alama yangu ni tone jekundu. Hili lilikuwa jeusi.

Nilikuwa nimelamba kucha za Mwalimu Kuwabara.

Mwaka jana alimnyima mwanafunzi mwenzangu Tsuda jina la jukwaani kwa kosa la kuivuka koto kwa mguu tu, na Tsuda ananishinda kupiga. Siku ile, kabla ya onyesho, ilikuwa zamu yangu kupewa jina au kunyimwa. Nilizifuta kucha kwa leso, nikazitafuta zangu kila mahali. Hazikuwepo.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu aliingia na kimono chake cha kijivu, kucha zangu vidoleni mwake.

Nikapiga magoti, paji likagusa mkeka. "Mwalimu, nimekosa. Nimelamba za kwako."

"Kumbe ndiyo maana hizi zinanibana. Nikadhani vidole vimevimba." Akanyoosha mkono. "Inuka, Nonaka, unakunja kimono. Hizi zina tone gani?"

"Jekundu, Mwalimu."

Akazivua. "Funga mlango."

Nikaufunga, nikijua nimekwisha.

"Mimi naona jeusi," akasema kwa sauti ndogo. "Tangu miti ya cheri ilipochanua macho yananififia, naona yote meusi. Na ole wako umwambie mtu."

Hilo lilinitisha zaidi ya hasira zake zote.

Akanipa kisu kidogo. "Zangu zitie pengo ukingoni mwa pete. Ya gumba moja, ya kidole cha pili mawili, ya cha kati matatu. Ulimi wangu bado una akili."

"Nikizidisha zitachanika, Mwalimu."

"Basi usizidishe. Tuna robo saa."

Nilikata nimebana pumzi. Akazilamba mojamoja, akazivaa bila kukosea hata moja. Kisha akatoa karatasi kwenye mkono wa kimono.

"Jina lako. Nimeliandika mwenyewe. Limekaa sawa?"

Nikaikunjua. Mistari ya wino ilikuwa imepandana, mmoja juu ya mwingine. Sikuweza kujua naitwa nani.

"Limekaa vizuri sana, Mwalimu."

"Hebu lisome, nilisikie."

"Jina hutolewa na mwalimu," nikasema. "Litamke wewe kwanza."

"Mwoga wee," akasema, akalitamka taratibu. Nikalirudia huku machozi yakinitoka, nikaisokomeza ile karatasi ndani ya mkanda wangu kabla mtu mwingine hajaingia akaiona.