Kisu cha Harusi ya Yasmina

Ukiingia Gitega, Burundi, na Kiswahili kilichonyooka, watu hawakuulizi dini. Wanakuhesabu Mwislamu papo hapo. Watu wa milimani wana Kirundi chao, na Kiswahili wamewaachia wale wa mtaa wa Waswahili, wenye kofia zao na biashara zao na vyerehani vyao. Kasiano hakulijua hilo alipokuja mjini kutafuta kazi. Alikulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kasulu, akajifunza kushona huko huko, na Kiswahili chake kilikuwa kama cha redio.

Alisimama mbele ya baraza ya Mzee Mahmudu, fundi wa kanzu. Mzee akamtolea salaam aleikum, naye akaitikia waaleikum salaam, kama anavyoitikia kila mtu kule Kasulu, awe wa kanisa au wa msikiti. Mzee akafurahi. Akawaita mafundi wa jirani waje wasikie mtu anavyosema, utadhani anasoma kitabu. Kisha akamuuliza jina.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kule Gishubi, kwenye kilima cha baba yake, walikuwa wakiitwa Watanzania, yeye na mama yake, na watoto walikicheka Kirundi chake alipokwenda kuchota maji. Pale barazani ulimi wake ulisifiwa kwa mara ya kwanza tangu warudi. Hakutaka sifa ile impite. Akasema anaitwa Juma.

Miaka ikapita akiwa Juma. Alishona kanzu, alishona sare za kaki za wanafunzi, alilala katika chumba cha uani kwa mzee. Kuswali alijifunza kwa kumwangalia aliye mbele yake: akiinama anainama, akisujudu anasujudu. Ramadhani alifunga kweli, hata mate alikuwa akitema. Mimi simwiti mtu mbaya. Ila yule aliyekuwa akifunga alikuwa mtu ambaye hayupo.

Mama yake, Josefina, alibaki Gishubi na shamba lake la maharage. Alijua mwanawe ni fundi mjini, lakini fundi wapi, kwa nani, hakuambiwa. Kasiano alimwambia mama kwamba bosi hapendi wageni. Noeli ikifika alimwambia Mzee Mahmudu kwamba anakwenda kutafuta vitambaa, akaenda kula Noeli na mama yake, akarudi na vitambaa viwili vitatu ili aaminiwe.

Sasa Mzee Mahmudu alikuwa na mke, Amisa, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Yasmina kwa jina la binti yao wa pekee. Mwaka mmoja, Idi ikikaribia, Mama Yasmina alinunua kitenge akasema hiki ni cha mama yake Juma, na nitakipeleka mwenyewe, nimuone mama aliyezaa mtoto mpole namna hii. Kasiano akashikwa na hofu. Akasema mama yake alifariki kambini, kwa malaria.

Mama Yasmina aliketi chini pale pale akalia. Kesho yake aliwakusanya wanawake, wakachemsha chai ya tangawizi, ikasomwa dua kwa ajili ya marehemu. Watu walimpa mkono Kasiano mmoja mmoja, wakimwambia pole. Akalia na yeye. Machozi yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa machozi ya msiba.

Na siku moja ya soko marehemu mwenyewe alipita. Alikuwa na kikapu cha parachichi kichwani. Alisimama mbele ya baraza kuuliza bei ya sketi za watoto zilizoning'inizwa. Kasiano aliinama chini ya cherehani kana kwamba sindano imeanguka. Mzee Mahmudu alimjibu mama yule mwenyewe, kwa Kirundi na kwa heshima, naye akashukuru akaenda zake. Kasiano alibaki chini mpaka mzee akamuuliza kama siku hizi anashona udongo.

Basi Yasmina akachumbiwa na kijana wa mji wa Muyinga anayeitwa Faridi. Katika ukoo wa Faridi wana desturi yao. Ng'ombe wa harusi wanamtoa wao, lakini kisu kinapewa upande wa bibi-harusi, na mwanamume wa nyumba ile ndiye anayechinja, ili wakwe wapate kula kutoka mkono wa nyumba waliyooa. Mzee Mahmudu hakuwa na mtoto wa kiume, na mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza tangu augue. Wakati wote wa maandalizi hakusema nani atachinja. Kasiano alidhani wamempata shehe.

Nilikuwapo Muyinga siku ile. Palipo na pilau mimi huwa sikosi, na mzee tunafahamiana tangu ujana. Ng'ombe alikuwa amelazwa uani, amefungwa miguu, ameelekezwa kibla. Wazee wa kofia walisimama mbele. Majirani Wakristo walikaa kwenye viti vya plastiki nyuma, maana nyama ile ni yao pia. Mwislamu akichinja wote wanakula, Mkristo akichinja nusu ya harusi inalala njaa. Wanawake walikuwa kwenye masufuria.

Mzee Mahmudu akatoka na kisu katika mkono wa kushoto. Akasema mbele ya wakwe wote:

"Mi Mungu hakunipa mtoto mwanaume. Alinipa uyu. Juma, kamata."

Kasiano akakishika. Baadaye alinieleza yaliyopita kichwani mwake. Maneno ya kuchinjia aliyajua. Angeyasema, angekata, na hakuna mtu duniani angejua. Kuswali kwake kwa kuigiza alijiambia kuwa ni hasara yake peke yake. Lakini hii ilikuwa inakwenda kinywani mwa watu. Alimwona bibi yake Faridi amekaa kwenye mkeka, ajuza ambaye hajapata kuonja nyama ya bucha asilolijua, anangoja kwa amani kabisa.

"Mzee, siwezi," akasema.

Husni, baba mdogo wa Faridi, akacheka. "We fundi, unaogopa damu? Bon, vaa kitenge uende kule kwa masafuria."

Watu wakacheka na yeye. Mzee akamsogelea Kasiano, akamwambia taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto kunywa dawa, apige Bismillahi tu, ni kazi ya dakika moja.

"Mzee, mimi si Mwislamu. Siitwi Juma. Naitwa Kasiano, nilibatizwa."

Kicheko kikakatika. Mmoja akanong'ona kwamba anatania. Mzee alimtazama, akatazama kisu, akamtazama tena.

"Na swala zote zile?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe, mzee."

Mzee alifunga macho. Nadhani hilo lilimuuma kuliko jina. Wakati huo Mama Yasmina alikuwa amefika kutoka jikoni, mwiko bado mkononi. Hakuuliza habari za dini. Aliuliza jambo moja tu.

"Na mama yako?"

Kasiano alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kupigwa. Kwa swali hilo hakuwa amejiandaa.

"Yupo, mama. Yuko Gishubi."

"Mzima?"

"Mzima. Analima."

"Nililia, we kijana," akasema Mama Yasmina. "Nililia mtu iko analima maharagi."

Mzee Mahmudu akanyoosha mkono wa kushoto, Kasiano akaweka kisu kiganjani. Mzee akampa Husni. Kisha akawageukia wakwe, mzee mwenye umri ule, akawaomba radhi kwa kuja bila mtoto. Kasiano aliniambia kwamba hapo ndipo alipotamani ardhi ipasuke immeze, si pale aliposema jina lake. Jina lilikuwa limemtoka kama jipu linavyotumbuka, akapata nafuu kidogo. Lakini kumwona mzee anainama mbele za watu kwa ajili yake, nafuu ile ikaisha.

Harusi iliendelea. Harusi huwa haingoji mtu. Kasiano alikaa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nami nikaenda kukaa naye, kwa sababu mtu katika hali ile hafai kuachwa peke yake. Ndipo aliponisimulia yote haya. Pilau ilipoiva Mama Yasmina alileta sahani mwenyewe, akaiweka chini mbele yake.

"Kula," akasema. "Hii nyama imechinjwa na Mwislamu."

Akaondoka. Kasiano hakuweza kula. Sahani ile niliila mimi, nisifiche.

Asubuhi, wakati wa kupakia mizigo kurudi Gitega, Mzee Mahmudu alimwita kando ya gari. Alimwambia kwamba habari za kazi hajui bado, moyo wake umechoka. Lakini baraza asiikanyage mpaka amlete yule mama, mke wake amuone kwa macho yake. Kasiano akasema ndiyo, mzee. Hakupanda gari lao. Alitafuta usafiri wake, nami nikafuatana naye, maana sikuwa na pengine pa kwenda.

Tulimkuta Josefina shambani, amejikunja anapalilia. Kasiano alimwambia akiwa amesimama, maneno yakitoka bila mpangilio: jina, msikiti, kisu, dua. Lile la kujificha siku ya soko hakulisema. Nililisubiri, halikuja.

Mama hakuacha kupalilia. Alimaliza mstari, ndipo akauliza:

"Nilikufa na nini?"

"Malaria, mama."

"Malaria," akasema Josefina. Akainuka, akashika kiuno. "Nimevuka mpaka kwa miguu na wewe mgongoni. Nimekaa kambi miaka yote ile. Halafu mwanangu ananiua na malaria."

Kasiano alitazama chini. Mama akauliza kama kuna aliyemlilia. Akajibiwa ni mke wa bosi.

"Alilia kweli, au kulia kwa heshima?"

"Aliketi chini, mama."

Josefina akatafakari hilo. Kisha akasema si vizuri mtu kukulilia usiende kumshukuru, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amenawa miguu, amevaa nguo za misa, na rozari kubwa ya mbao shingoni, juu ya nguo, inaonekana toka mbali.

Nilimwona Kasiano anafungua mdomo. Mama yake pia alimwona. Akaishika ile rozari.

"Unataka niitie ndani ya nguo?"

Alichelewa kujibu. Alichelewa mno, na alijua kwamba sisi wote wawili tumeona amechelewa.

"Hapana, mama," akasema. "Iache hivyo hivyo."

Josefina akatangulia kuteremka kilima. Kasiano akafuata nyuma, uso umemwiva kwa aibu, na njia nzima hadi barabarani hakuweza kutembea sambamba naye.