Pasi ya Saa Kumi

Mimi si mtu wa kuamini mizimu, na atakayekuja kuniambia nyumba yetu inao nitampa ufagio afanye kazi ya maana. Lakini kwa miaka miwili, kila siku saa kumi jioni, marehemu baba alikuwa anapiga pasi shati lake, na mama alikuwa anamsikiliza.

Alimsikilizia kwenye mita ya umeme. Mita yetu ilikuwa ya zamani, ile ya kigurudumu, imefungwa ukuta wa nyuma, chini kuliko kawaida, kwa sababu aliyeifunga alikuwa mfupi au mvivu. Humo ndani kigurudumu kilisuguana na kitu, kikawa kinatembea huku kinanong'ona. Macho ya mama yalishamwacha, amebakiwa na mwanga na vivuli, kwa hiyo nyumba aliisoma kwa sikio. Anaweka kigoda chini ya mita, anaegemeza kichwa ukutani, jua la jioni limemlalia magotini, na kutoka huko anakupa habari zako. Friji limeamka. Huyo anayechemsha maji ya kuoga amejaza ndoo ya watu watatu.

Baba alikuwa mpokea wageni wa hoteli, zamu ya usiku. Siku sita za wiki, saa kumi kamili, alinyoosha shati jeupe, na Jumapili alilala mpaka akachoka kulala. Pasi ikiwaka, kigurudumu kilikimbia na mnong'ono ukapanda. Mama akiwa kigodani alijua mumewe yuko kwenye kola, sasa yuko kwenye mikono, sasa anavaa.

Siku tatu baada ya mazishi, saa kumi, kigurudumu kikakimbia.

"Mzee anajiandaa," mama akasema.

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kesho yake akakaa tena, na kigurudumu kikakimbia tena. Mimi ni mshonaji, jioni nyingi niko kwenye cherehani yangu dukani, lakini siku nilizokuwepo nilikaa sakafuni kando yake, tukasikiliza wote wawili, vumbi linaelea kwenye mwanga, na kwa robo saa nyumba ilikuwa na watu wake wote. Nilijiambia ni friji, maana friji letu lina tabia zake. Ukweli ni kwamba sikwenda kuangalia kwa sababu na mimi nilitaka awe yeye.

Halafu mama akaanguka. Bafu letu liko nje, unashuka ngazi tatu, na siku hiyo aliziona mbili. Mguu ulivimba mwezi mzima. Kaka yangu mkubwa akasema basi, tunaongeza chumba nyuma, chumba cha mama chenye bafu lake humo humo.

Huyu kaka tunamwita Tanuri, kwa ajili ya kazi yake ya kuoka mikate na kwa ajili ya hasira zake. Anatoka alfajiri, anarudi saa tisa, na saa kumi ameshajifungia chumbani. Kazini walitaka kumpa usimamizi wa zamu ya mchana, akakataa. Nilimsema mbele ya shangazi: mwanaume mzima, jua bado liko juu, yeye anakimbilia kulala kama kuku. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Fundi mwashi akapima, akapiga kamba, halafu akasimama anaitazama mita. Ukuta ule wa nyuma sasa ungekuwa ukuta wa ndani, na mita ingening'inia juu ya mto wa mama. Tanuri akaenda shirika la umeme. Akarudi na jibu: mita haikai chumbani kwa mtu. Itahamishiwa ukuta wa mbele, nje, na kwa kuwa ni ya zamani, itang'olewa na kuwekwa ya kisasa. Haina kigurudumu. Ina kitaa chekundu tu, na wala haitoi sauti.

Mama akauliza mara mbili kama kweli haitoi sauti.

"Basi hicho chumba kaeni nyinyi," akasema. "Mimi na ngazi zangu tumeshazoeana."

Fundi mwashi akaweka mwiko chini, akakaa juu ya mfuko wa saruji kusubiri familia ielewane. Alisubiri siku nne. Mimi nilikuwa upande wa mama, na nikiwa upande wa mtu sinong'oni.

"Unamnyang'anya kitu kimoja alichobakiwa nacho," nikamwambia Tanuri.

"Mguu nao ni kitu alichobakiwa nacho," akasema. "Akianguka tena hainuki."

Siku ya tano akaja fundi wa mita kukagua nyaya kabla ya kazi. Kijana mpole, kalamu sikioni. Mama alikuwa kigodani, naye kwa adabu akafanya kazi juu ya kichwa chake bila kumwondoa. Akaniomba nizime kila kitu ndani, aone kama umeme unavuja. Nikazima taa, feni, friji, nikachomoa hata redio. Kigurudumu kikasimama. Sijawahi kuisikia nyumba yetu ikiwa kimya namna ile.

"Nyaya zenu nzuri," fundi akasema.

Ikagonga saa kumi. Kigurudumu kikajitikisa, kikaanza kukimbia.

"Dada, hujazima kila kitu," fundi akasema. "Hiyo ni pasi. Kuna mtu kawasha pasi."

Nilipita jikoni, nikapita sebuleni. Nikasukuma mlango wa Tanuri. Pasi ilikuwa imesimamishwa wima juu ya stuli, inawaka, haina nguo. Yeye amekaa kitandani, unga bado uko kwenye nyusi, anatazama saa yake ya mkononi.

"Tangu lini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Wiki ile ya msiba nilinyoosha shati nirudi kazini. Nikamsikia mama anasema mzee anajiandaa." Akapangusa uso. "Kesho yake alikuwa amekaa anangoja. Ningefanyaje?"

Miaka miwili. Zamu aliyoikataa, marafiki aliowaacha njiani, maneno yangu mbele ya shangazi. Nilitaka kumwomba radhi, nikakaa tu kitandani pembeni yake. Tukaiangalia ile pasi mpaka robo saa ikaisha, akaichomoa.

Asubuhi mama akatuita. "Hamisheni," akasema.

Tukajua amemsikia fundi. Tanuri hakugusa chai yake, na mimi nilijichoma sindano mara tatu siku hiyo. Tulikuwa tumemzika baba mara ya pili, hivyo ndivyo nilivyoona.

Kuta zikapanda, bati likafunika. Jumamosi moja fundi wa mita akaja kumalizia. Kabla ya kukata umeme akaushika mkono wa mama, akauweka juu ya mita, nao ukakaa pale mpaka kigurudumu kiliposimama. Mama akaipapasa mara moja, kama unavyompapasa mtoto anayeanza safari, akasema haya, chukua. Ile mpya ikafungwa mbele. Niliisogelea nikatega sikio, hamna kitu.

Kesho yake, Jumapili, tukamhamishia mama chumbani kwake. Rangi ilikuwa bado inanuka, mwanga wa jioni umejaa ukutani pale mita ilipokuwa, na plasta mpya ilionekana nyeupe zaidi. Mama alikaa kitandani ameegemeza kichwa papo hapo, kwa mazoea.

Saa kumi mlango ukafunguliwa. Tanuri, na pasi mkononi.

"Mama, soketi ya kwangu imekufa," akasema, macho chini. "Nimeona nipigie pasi humu."

Mama akatabasamu ukutani. "Leo siku gani?"

"Jumapili."

"Baba yako hakupiga pasi Jumapili hata moja," mama akasema. "Lakini Jumapili ya kwanza baada ya kumzika, kigurudumu kilikimbia. Nikajua huyu si mume wangu. Huyu ni mwanangu."

Waya wa pasi ukamponyoka Tanuri.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Ningesema, ungeacha."

 Kaka yangu alisimama pale, unga kwenye nyusi, machozi yanamshuka bila kuyaficha. Mama akapapasa godoro, akamwonyesha soketi ilipo, alikuwa ameshaitafuta.

"Chomeka hapo karibu yangu," akasema. "Ila usiiwashe tena bure. Mwambie dada yako alete nguo."

Nikaenda kuleta nguo. Nilileta zote.