Joto ya Chini ya Nyumba

Kwa Papa Mwaba, kule Naviundu, pembeni ya Lubumbashi, wakati ya baridi bantu balikuwa banaongea naye kidogo, sababu kila jibu ilikuwa inaamsha kikohozi yake. Alifanya kazi ya mugodi miaka mingi, sawa baba yake, na nguvu ya kifua aliiacha kule. Munganga alikataza mbabula, jiko ya makala ya moto, mu chumba yake: moshi itamumaliza haraka kupita baridi. Lakini bila mbabula, mwezi wa sita na wa saba, saruji ya chini inauma miguu kama barafu. Binti yake Chisanga njo alikuwa anachagua kila magaribi, moshi ao baridi. Leo hii, kesho ile. Kikohozi haikuona tofauti.

Njo pale Stéphane alifika, ingénieur kijana wa proje moja ya kupima joto ya udongo mu muji muzima, kutoka Golf ya batajiri mpaka Naviundu, na kuichora pa karte. Alikuwa anapita kisima kwa kisima, anashusha uzi yenye kipimo.

"Ingénieur, unavua samaki?" Papa Lucien, jirani wao, alimuuliza.

"Navua joto, papa."

"Basi ingia mu jikoni ya bibi yangu, utajaza camion!"

Chisanga hakucheka. Alingojea mpaka kijana alianza kufunga bintu yake, akamuuliza kama ile joto inaweza kuingia mu nyumba. Stéphane alimuelezea bila haraka: kule chini udongo haijue musimu. Juu baridi ikikamata, chini inabakia vuguvugu. Unatoboa shimo nyembamba, unashusha tiyo, bomba ya kupitisha maji, kapompe ka panneau ya jua kanazungusha maji mpaka chini ya saruji ya chumba. Haitakuwa joto ya kutoa jasho, alisema, lakini saruji haitauma tena. Na moshi hakuna. Proje ilikuwa inatafuta nyumba moja mu Naviundu, bantu baione na macho yabo.

"Twaa yetu," Chisanga alisema.

Papa Mwaba alikataa. "Bantu ya kutoboa nabajua. Banatoboa, banaweka alama, kisha banaleta bulldozer." Chisanga hakubishana naye. Alimuletea chai, akamuuliza tena kesho yake, na kesho ingine, mpaka muzee akachoka kukataa.

Mashini ilitoboa mu lupango, kiwanja ya nyumba, nyuma ya dirisha ya chumba. Matope ilikuwa inapanda, nyekundu kwanza, kisha ya majivu. Papa Mwaba alikuwa pa kiti, amejifunika blanketi, anaangalia. Mara akasimama. Muntu mwenye hata kuvaa kiatu ilikuwa inamukata pumzi, Chisanga alimuona anainama, anaokota kajiwe mu matope, anakatemea mate, anakapangusa na kidole. Ba mugodi banafanya vile: mate inaamsha rangi. Rangi ikaamka. Kijani.

"Malachite, jiwe ya shaba," alisema, na sauti ya kijana.

Stéphane aliangalia. "Ndiyo, papa. Lakini iko kamustari tu. Kakijani kama haka kanapatikana pa fasi mingi ya Lubumbashi. Chini hamuna kintu."

"Hamuna kintu!" Papa Mwaba aligeukia Lucien. "Unasikia? Batatuambia ile neno mara ngapi?"

"Kila mara," Lucien alijibu. "Kisha camion za mugodi zinatoka zimejaa hamuna-kintu."

Bazee bote babili bakacheka mpaka kikohozi ikakata kicheko.

"Papa," Chisanga alisema, "acha tiyo iingie kwanza. Baridi hii moja tu, ulale muzuri. Kisha utachimba."

"Balalishe tiyo yabo juu ya malachite yangu? Joto ya udongo babebe, nabapatia. Jiwe iko yangu, mwana."

Asubuhi, wakati bantu ya proje balifika na tiyo, bazee bote babili balikuwa bamepanua shimo usiku na sururu, pioche ya Lucien; shimo imepita chini ya ukuta, imeingia mu chumba. Ile saruji yenye ilipaswa kupata joto ilikuwa vipande-vipande juu ya kitanda. Stéphane alipigia bakubwa yake simu. Kisha mashini ilipakiwa. Villa moja ya Golf ilikuwa imekubali.

"Na siye?" Chisanga alimuuliza.

"Pa karte muko," Stéphane alisema, na hakumuangalia. "Joto yenu iko tu pale."

Lucien alisaidia kuchimba siku chache. Kijani ikapotea, ikabakia udongo na maji yenye kuchuruzika. "Mwaba, mate yako niliiona," alisema, "malachite bado naingojea." Akabeba pioche yake, akaenda kwake.

Sasa baridi iko mu muji muzima, na Papa Mwaba anashuka mwenyewe. Siku moja Chisanga alikataa kuvuta kamba ya ndoo ya udongo. Muzee akaifunga pa mulango, akashuka peke yake, akabakia chini mpaka majirani bakamutoa. Toka ile siku Chisanga anavuta. Anamwaga udongo nje bila kuuangalia, anarudisha ndoo, anatega sikio. Pioche, kisha kikohozi. Pioche, kisha kikohozi. Kimya ikikuwa murefu, anainama pa mudomo ya shimo.

"Papa?"

Anashika kamba na mikono yote mbili, anangojea.