Nafasi Aliyoipigania Severa

Bajeti tatu mfululizo Severa aliomba jambo moja tu: halmashauri iajiri mtaalamu wa ramani za kidijitali. Alikuwa ofisa mipango miji, mama wa makamo mwenye sauti ya kusikika, na kila kikao alisimama akawaambia wakubwa kwamba mji usiojua mitaro yake inapita wapi hauna haki ya kulalamikia mafuriko. Mwanzo walimcheka. Baadaye wakamwambia asubiri. Mwishowe wakachoka naye, wakakubali. Siku mkurugenzi alipotangaza kuwa kibali kimetoka, wenzake walimpongeza Severa kama mtu aliyejifungua.

Jambo ambalo hakumwambia yeyote ni kwamba kila alipoiombea nafasi ile alijiona mwenyewe ameikalia. Akaomba kazi. Kumbe sharti ni shahada ya fani hiyo, naye hakuwa nayo. Akaletwa Krina.

Krina alikuwa binti wa Chandu, muuza vitambaa wa Mchafukoge, msichana mwembamba anayetembea haraka, begi mgongoni. Asubuhi ya kwanza alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Severa.

"Shikamoo, dada Severa. Nimeambiwa bila wewe nisingekuwa hapa."

"Marahaba," Severa akajibu, na maneno yale yakamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Tangu hapo kijiba cha roho hakikumtoka. Zamani mtu akitaka kujua kiwanja fulani kinapakana na nini, alikuja kwake. Sasa walimpita wakaenda dirishani, kwenye kompyuta ya Krina. Hata Klara wa idara ya afya, shoga yake wa kula naye wali maharage kila mchana, alimwita kwa shangwe: "Severa, njoo uone! Kagusa hapa tu, mtaro wote umetokea!"

Severa akaenda, akaona. Bonde la Jangwani lilikuwa limepakwa buluu mpaka pale maji yatakapofika mvua kubwa ikinyesha, nyumba kwa nyumba. Ingekuwa kazi mbovu angepata nafuu. Ilikuwa nzuri, tena vilevile alivyokuwa akiiwaza miaka yote ile. Akasema, "Haya, hongera," akarudi kukaa, na mchana ule hakula.

Jumamosi alipita dukani kwa kaka yake Melkiori, anayeuza masufuria kwa jumla Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Melkiori alikuwa mtu mzito pale mtaani. Akisema jambo, wafanyabiashara wenzake hulibeba.

"Hivi yule binti wenu wa Kihindi," akauliza, "anayepita na kishikwambi anapiga picha milango yetu, anatafuta nini?"

Severa alijua jibu. Krina alikuwa akiingiza kwenye ramani mitaro na njia za watu kutokea moto ukizuka, na kazi hiyo aliipendekeza Severa mwenyewe. Angeweza kusema hivyo, yakaisha.

"Mimi sijui," akasema. "Ila we si unaijua serikali? Ikishaanza kupiga picha meza zilizotoka nje ya duka, kinachofuata unakijua."

"Watatupiga X? Watubomolee?"

"Sijasema mimi."

Alitoka pale moyo mwepesi kabisa. Alipofika Mnazi Mmoja wepesi ule ulikuwa umekwisha, akaanza kujiuliza amefanya nini. Lakini hakurudi.

Neno halikulala. Jumanne Krina alipoingia Mtaa wa Kongo, wachuuzi walimzunguka. Mmoja akampokonya kishikwambi akakitupa mtaroni. Mwingine akamsukuma, akaangukia viganja. Sauti zikapaa: "Rudi kwenu!" Mfanyabiashara mmoja mzee, Awadhi, ndiye aliyemvuta ndani ya duka lake akashusha shata mpaka watu wakatawanyika.

Klara ndiye aliyeleta habari ofisini. "Eti arudi kwao. Kwao wapi, Severa? Kwao si hapo Mchafukoge?"

Severa hakuweza kumtazama usoni. Habari za kwao hakuzitaja yeye. Wengine walizipachika juu ya maneno yake, lakini maneno yake ndiyo yaliyotangulia.

Mkurugenzi akamwita. "Mama, kaka yako anaheshimika pale. Toka na Krina wiki hii. Watu wakikuona wewe, watatulia."

Wakatoka wote wawili. Krina alikuwa na bandeji kiganjani na kishikwambi cha kuazima. Duka kwa duka Severa alieleza: hakuna X, hakuna kubomoa, ni mitaro na njia za dharura. Wengine waliitikia, wengine waligeuza nyuso. Walipofika kwa Melkiori, kaka mtu alimkodolea macho.

"Severa, si wewe uliyeniambia tutabomolewa?"

Krina alikuwa amesimama palepale. Severa angeweza kusema kaka hakumwelewa. Alifungua mdomo aseme hivyo hasa, akaiona bandeji ya Krina.

"Nilikupotosha, kaka," akasema mwishowe. "Kazi yake naijua, niliipendekeza mimi. Nilimwonea wivu."

Melkiori akakaa juu ya rundo la masufuria. "Na mimi nimewaambia mtaa mzima. Sasa uso wangu nitauweka wapi?" Akainuka, akaingia ndani, hata soda hakuwakaribisha.

Nje, Severa akaanza, "Krina, mwanangu..."

"Nilishajua," Krina akamkata. "Mzee Awadhi aliniambia maneno yalitokea duka gani. Na kaka yako ni nani, kila mtu anajua."

"Mbona hukumwambia mkurugenzi?"

"Angekuondoa. Halafu huku nani angenitembeza?" Akafuta kioo cha kishikwambi kwa ncha ya blauzi. "Ila usidhani nimekusamehe, dada. Mama yangu tangu siku ile halali, na kila nikitoka anataka anisindikize. Nina kazi tu, ndiyo maana niko na wewe."

Wakaingia duka lililofuata.

Jioni ile alikwenda mwenyewe kwa mkurugenzi akamweleza yote. Akapewa onyo, na jina lake likaondolewa kati ya waliotarajiwa kupandishwa cheo. Klara alihamisha sahani yake meza nyingine. Melkiori alizunguka kwa wenzake mmoja mmoja akiwaomba radhi, na kwa dada yake hakupiga simu mpaka Pasaka.

Ramani ya Kariakoo ilikamilika kabla ya masika. Siku madiwani walipoonyeshwa, ukumbi mzima ulisimama kumpigia Krina makofi. Severa alisimama pia. Roho ilimuuma palepale ilipomuuma siku ya kwanza, wala haikupungua. Alipiga makofi hivyohivyo, mpaka wa mwisho alipoketi, kisha akatoka kwenda kutafuta dereva, maana Krina alitakiwa Jangwani mchana ule na gari la ofisi lilikuwa halijarudi.