Sikio la Mbuzi wa Mama

Yoeli alisimama kando ya skrini, maikrofoni mkononi, katika ukumbi wa kanisa Ngaramtoni, na hakuwa na pa kukimbilia. Filamu ilizungumza Kiingereza, wazee walitaka Kiswahili, na mkalimani ni yeye. Mstari wa mbele alikaa mama yake, Nashipae. Kule mlangoni alisimama mdogo wake Ephraimu, ambaye mwaka mzima hajanywa chai kwa mama.

Kisa ni mbuzi. Brenda, Mzungu mwenye filamu, alichoka kumsubiri chui wa Mlima Meru asiyetaka kutokea. Yoeli, kwa kujipendekeza tu, akamtoa mbuzi zizini kwa mama na kumfunga kichakani. Brenda alijua, akasema kamba wataifuta kwenye picha. Mama alipouliza, Yoeli akamsingizia Ephraimu: kamuuza mnadani, pesa kazilewea. Mtu mzima na ndevu zake, kumchongea ndugu kwa kitu kama hicho! Mama akaamini, akamfukuza kijana.

Sasa chui alikuwa ananyata. "Hapa hakuna mkono wa binadamu," filamu ilisema, na Yoeli akatafsiri. "Kuingilia maisha ya wanyama ni ukatili. Sisi tunatazama tu." Wazee wakaguna kukubali, kama wako ibadani.

Akatokea mbuzi. Kamba kweli haikuonekana. Ila sikio hakuna aliyelikumbuka, sikio la kushoto lenye mikato miwili, alama ya zizi la Nashipae, na lilijaa skrini nzima.

Mama akasimama. "Yoeli, huyo si mbuzi wangu?"

Filamu ikasimamishwa. Yoeli aliona aibu, akaishusha maikrofoni.

"Mama anasemaje?" Brenda akauliza kwa Kiingereza, akitabasamu.

Angesema kweli pale, yangeisha. Woga ukamshinda. "Anasema filamu imemgusa sana," akajibu kwa Kiingereza hicho hicho. Brenda akaanza kupiga makofi, peke yake.

Mama akageukia mlangoni. "Ephraimu, wewe umesoma. Kaka yako kamwambia nini?"

Ephraimu akasita. Yoeli akamwomba kwa macho, mbele ya watu wote wale.

"Kasema umeipenda filamu, mama."

Nashipae akawatazama wanawe, mmoja kisha mwingine, machozi yakimlenga.

"Kumbe hata mimi nasingiziwa," akasema. "Ephraimu, mwanangu, twende nyumbani."